Blaindi inapogoma: dalili, chanzo na tiba kwa madirisha ya Tanga

Blaindi ya rola ina vitu vichache: bomba la alumini, nguo, klachi upande wa cheni (kifaa kinachozungusha bomba cheni ikivutwa), pini upande wa pili, breketi mbili, na ufito wa chini unaoipa nguo uzito. Ikigoma, lawama ya kwanza huangukia klachi kwa sababu ndiyo sehemu pekee inayofanana na mashine. Mara nyingi klachi haina kosa. Nguo iliyopinda, inayokwaruza ukuta au inayojikunja ovyo huwa inaonyesha kosa lililofanyika kwenye futi au kwenye drili, siku ya kupima au siku ya kufunga. Kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu: vipimo, ukuta, breketi, bomba, nguo, na klachi mwisho kabisa.

Andaa futi ya chuma (ile ya fundi cherehani hurefuka ikivutwa, itakudanganya), pimamaji ya sentimita 60 au zaidi, bisibisi ya nyota, tepu ya karatasi, penseli, ngazi imara, na kadi mbili tatu za laini za simu zilizokwisha kazi. Kadi nzima ina unene wa karibu milimita 0.8, na hakuna kabari nzuri kuliko hiyo nyuma ya breketi.

Imeletwa, haiingii

"Futi tano kwa nne" ni jina la dirisha, si kipimo chake. Futi tano ni sentimita 152.4, lakini tofali likishapigwa plasta pande zote mbili uwazi unabaki 149 au 150, na juu hautoshani na chini. Anayeagiza kwa jina hupata blaindi ya kuegemeza ukutani.

Kama blaindi itakaa ndani ya uwazi wa dirisha, pima upana mara tatu: juu, katikati na chini. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kimo nacho pima mara tatu, kushoto, katikati na kulia, ila hapo chukua kikubwa. Andika kwa milimita, upana kwanza kisha kimo, na uandike maneno yenyewe "upana" na "kimo". Dirisha la 1490 kwa 1190 likigeuzwa kwenye karatasi, karakana itashona kilichoandikwa. Halafu pima mshazari, kona hadi kona, kwa pande zote mbili. Tofauti ikizidi sentimita moja, uwazi umepinda: achana na ndani, funga juu ya ukuta, nje ya uwazi.

Kosa jingine la kawaida ni kupunguza mara mbili. Karakana ikipewa kipimo cha uwazi, yenyewe hupunguza milimita 5 hadi 10 ili blaindi ipite bila kukwaruza. Mteja naye, kwa kujihami, keshapunguza sentimita moja nyumbani. Inayoletwa inacheza kama jino bovu. Karatasi ya oda iseme wazi: "hiki ni kipimo cha uwazi" au "hiki ni kipimo cha blaindi iliyokamilika".

Ikiwa imezidi kwa milimita chache, rola ya kawaida inapunguzika. Nguo hufunguliwa juu ya meza safi na kukatwa kwa wembe mpya kwenye rula ya chuma. Bomba na ufito hukatwa kwa msumeno wa chuma, vyote kwa kiasi kilekile, upande wa pini na si wa klachi. Zebra, ile yenye mistari ya kupitisha mwanga na ya kuufunika, usijaribu nyumbani, nguo yake ni mikunjo miwili na ikikatwa ikapishana hata kidogo, mistari haifungi tena. Ya vipande vya kulala nayo irudishe ilikotoka.

Kuna linaloitwa kasoro na si kasoro: mstari wa mwanga pembeni. Nguo ya rola siku zote ni nyembamba kuliko breketi kwa breketi, kwa jumla ya milimita 30 hadi 35, kwa kuwa klachi na pini lazima vipate mahali pa kukaa. Kila upande utapita mwanga wa kidole. Sebuleni hakuna shida. Chumba cha mtu anayefanya kazi za usiku na kulala mchana, funga juu ya ukuta: zidisha sentimita 10 kila upande, 10 hadi 15 juu, na 10 chini.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, zile za kuta nene karibu na bandari, ni somo jingine. Kingo za madirisha yake zilinyooshwa kwa mwiko na jicho, na tofauti ya sentimita mbili au tatu kati ya juu na chini ni jambo la kawaida. Humo hakuna mjadala wa ndani au nje. Ni nje.

Inagonga nondo, kishikio au wavu wa mbu

Madirisha mengi ya mji huu ni alumini ya kusukuma, yana wavu, na kwa ndani yamewekwa nondo. Kina kinachobaki ni kidogo, na rola ikikunjwa inanenepa. Hesabu yake si ngumu. Bomba la milimita 38 likibeba nguo ya mita 2 yenye unene wa nusu milimita, mkunjo kamili unafikia kipenyo cha karibu milimita 52. Ongeza breketi na nafasi ya kupumua, unahitaji sentimita 7 zilizo wazi kutoka ukingo wa ukuta hadi kwenye nondo. Pima kutoka kitu kilichojitokeza kuliko vyote, ambacho kwa kawaida ni kitasa cha kufungia dirisha au komeo la nondo, si nondo zenyewe.

Ukiwa umeshafunga na inagusa, jaribu kwanza kugeuza mkunjo. Rola ya kawaida nguo hushukia nyuma ya bomba, karibu na kioo. Ikikunjwa kinyume, nguo hushukia mbele na unapata nafasi ya ziada sawa na unene wa mkunjo, yaani sentimita 4 hadi 5. Mkunjo utakaa nyuma ya nguo, na upande wa mbele wa nguo ndio utakaogeukia chumbani hata ikiwa imekunjwa. Ikishindikana, weka kipande cha mbao nyuma ya breketi kuisogeza mbele, au hamia juu ya ukuta.

Nguo inakimbilia upande mmoja

Unavuta juu, na kila mzunguko nguo inasogea kidogo kushoto au kulia hadi ukingo wake unakwaruza breketi na kuanza kutoa nyuzi. Ndiyo shida inayoripotiwa kuliko zote, na tiba yake kwa kawaida haigharimu kitu.

Inatokeaje? Bomba likiinama, nguo yenyewe bado inavutwa na uzito wake iningʼinie wima. Kila mzunguko basi unalazwa kidogo kuelekea upande ulio chini. Dirisha la kimo cha mita 2 linachukua mizunguko kama 14. Kila mzunguko ukisogea milimita moja na nusu, ukifika juu nguo imehama sentimita mbili, na nafasi ya pembeni haifiki hapo.

1. Shusha blaindi karibu na mwisho, bomba libaki na mzunguko mmoja tu wa nguo. Weka pimamaji juu ya bomba. Usipime kwenye linta, dari wala fremu. Fundi aliyefunga breketi kwa kufuata dari ya jipsamu iliyoinama ndiye aliyeleta tatizo hili.

2. Nguo ikikimbilia kushoto, kushoto ndiko chini. Legeza breketi ya kushoto na uinyanyue. Kama imefungwa kwenye dari, upandishe upande ule kwa kupunguza kabari, au ushushe ule mwingine kwa kadi ya simu iliyokatwa. Kadi moja, kisha jaribu. Usiweke tatu kwa pupa.

3. Pimamaji ikisema sawa na bado inahama, shusha nguo yote hadi bomba lionekane. Bandika kipande cha tepu ya karatasi cha sentimita 5 kwenye bomba, upande ulio kinyume na inakokimbilia. Ikikimbilia kushoto, tepu inakaa kulia. Upande wenye tepu unanenepa, unameza nguo zaidi kila mzunguko na kuivuta ije kwake. Anza na tabaka moja. Mbili kwa kawaida zinatosha.

4. Pima kutoka bomba hadi ufito wa chini, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, nguo ilikatwa upogo au ilibandikwa upogo kwenye bomba. Tepu haitatibu hilo, irudishwe karakana.

Kuna dalili inayofanana na hii lakini chanzo ni kingine: nguo haihami upande mmoja, inacheza kushoto na kulia kila mzunguko kama mkia wa kuku. Hilo ni bomba lililopinda. Blaindi nyingi zinazofungwa hapa hutoka Dar es Salaam kwa buti ya basi, na bomba la mita mbili lililolaliwa na magunia halifiki stendi ya Kange likiwa limenyooka. Likipokelewa stendi, lifungue palepale, lilaze sakafuni na ulisukume lijiviringishe. Likidunda au ukiona mwanga chini ya katikati, usitie saini ya kupokea.

Nguo ina mikunjo ya V katikati

Ukuta haukosei hapa. Bomba ni jembamba kwa upana ule na linalegea tumboni. Bomba la milimita 28 au 32 lilifaa dirisha la choo. Kwa mita 2 na zaidi lingehitajika 38 au nene zaidi. Kukaza skrubu hakusaidii. Badilisha bomba, au gawa dirisha pana kuwa blaindi mbili zinazokutana kwenye breketi ya katikati, ukipanga ule mwanya wa kati uangukie mbele ya nguzo ya alumini ili usionekane.

Vilevile ogopa blaindi nyembamba na ndefu. Kimo kikizidi upana zaidi ya mara tatu, kuhama pembeni kunakuwa ndiyo tabia yake.

Cheni inazunguka, nguo haipandi

Toa blaindi kwenye breketi na uangalie klachi kama imeingia yote ndani ya bomba. Mara nyingi imetoka nusu kwa sababu breketi ziko mbali mno, na meno yanashika mwisho wa bomba tu. Sukuma irudi, kisha pima umbali wa breketi kwa breketi na ulinganishe na urefu wa blaindi pamoja na pini. Ikiwa pini inaning'inia kwa milimita moja au mbili, iko siku itachomoka na bomba litashukia mtu kichwani. Songeza breketi ndani, au weka kabari nyuma yake ikiwa imefungwa kwenye shavu la ukuta.

Halafu tazama cheni. Nyingi za rola zina umbali wa milimita 6 kutoka shanga hadi shanga: pima nafasi kumi za shanga, upate milimita 60. Cheni ya kuokoteza dukani, ya mapambo au ya funguo, inaweza kuonekana sawa na ikawa na umbali mwingine. Itapanda juu ya meno ya klachi na kuruka, tak tak tak, hadi meno yaishe. Kiungio cha cheni nacho kikifika kwenye klachi hukwama. Kisogeze ili kibaki chini blaindi ikiwa imepanda nusu.

Ikiwa haya yote ni mazima, klachi imekwisha. Nunua ya kipenyo kilekile cha bomba, haina ukarabati.

Inashuka yenyewe usiku

Hapa kesi nyingi zimeletwa na mafuta. Ndani ya klachi mna springi ndogo zinazobana mhimili, nazo hushikilia uzito wote wa nguo kwa msuguano peke yake. Mtu akisikia klachi inalia, anapuliza mafuta ya kulegeza kutu. Kelele inakwisha, na breki nayo inakwisha. Klachi iliyokwisha kunyweshwa mafuta haioshwi ikarudi vizuri, badilisha. Mafuta yasiende popote kwenye blaindi isipokuwa spirei ya silikoni kidogo kwenye pini ya upande wa pili na kwenye reli za zile za wima.

Kesi nyingine ni nguo nzito ya blakauti, ile isiyopitisha mwanga, iliyopewa klachi ndogo ya nguo nyepesi.

Na ile ya kushusha mpaka nguo ikaisha, ikaanza kujikunja upande wa nyuma na sasa inapanda ikiwa imegeuka? Vuta upande uliokuwa wa kupandisha mwanzoni: nguo itashuka kwanza hadi bomba lionekane tupu, kisha endelea hivyohivyo ijikunje upya kwa upande wake. Ukishamaliza, bana vizuizi vya cheni: kimoja pale ufito unapofika juu, kingine pale unapogusa kizingiti. Bila vizuizi itajirudia wiki ijayo.

Cheni yenyewe ni hatari kwa mtoto, na katika somo hili zima hapa ndipo pasipo na "tutaangalia baadaye". Kitanzi kinachoning'inia kinaweza kumnyonga mtoto mdogo kimyakimya, ndani ya dakika chache. Kishikizo cha ukutani kinachokuja kwenye pakiti, ambacho mafundi wengi hukiacha ndani ya boksi, kazi yake ni kuivuta cheni ikaze isiwe kitanzi. Kifunge kwa skrubu mbili, cheni iwe imenyooka, na ncha yake ya chini iwe juu ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Kitanda cha mtoto, sofa au stuli visikae chini ya dirisha hilo. Kama nyumba ina watoto na hujaagiza bado, agiza ya springi isiyo na cheni.

Breketi inachomoka ukutani

Toa skrubu utazame fisha (ala ya plastiki inayoshika skrubu ukutani) iliyochomoka nayo. Ikiwa imejaa unga mweupe wa saruji na mchanga, ilikuwa kwenye plasta tu. Plasta ya nyumba zetu ni sentimita moja na nusu hadi mbili, wakati mwingine tatu pale fundi aliponyoosha ukuta uliopinda. Fisha ya milimita 30 inayokuja kwenye pakiti inabaki na sentimita moja ndani ya tofali, na inashika siku ya kufungwa, mbele ya mwenye nyumba, ili ichomoke baadaye.

Kinachoshika: fisha ya 8 kwa 40 iliyosukumwa kupita plasta hadi ndani ya tofali, tundu la biti ya 8 lenye kina cha milimita 75, na skrubu ya 5 kwa 70. Zungushia tepu kwenye biti kwenye alama ya 75 ili ujue pa kusimama. Puliza vumbi litoke kabla ya kuingiza fisha, kwa mrija wa soda kama huna pampu. Fisha inayokaa juu ya unga inazunguka humohumo. Tundu likishapanuka, usijaze vijiti vya kiberiti. Lijaze saruji laini, subiri siku mbili, au sogeza breketi sentimita 3 pembeni.

Biti ikiingia sentimita mbili tatu kisha ikakataa kabisa, ikapiga kelele na kunuka moto, umekutana na nondo ya linta. Usishindane nayo. Sogea pembeni sentimita 3 kwa breketi zote mbili ili zibaki kwenye mstari.

Ukuta wa matumbawe unataka mkono mwepesi. Drili ikiwekwa kwenye hali ya kupiga nyundo, jiwe linamung'unyuka na tundu la 8 linakuwa la 14, lenye umbo la pango. Zungusha bila nyundo, anza na biti ya 6 ndipo uende 8. Lililo bora zaidi ni kutoweka breketi moja kwa moja ukutani: funga kwanza ubao wa sentimita 7 kwa 2.5 juu ya dirisha zima, kwa skrubu ndefu sehemu nne au tano, palipokosa kushika paache paende pengine. Breketi kisha unazifunga kwenye ubao kwa skrubu fupi za mbao za milimita 25, na ukitaka kurekebisha milimita mbili hapo baadaye huna haja ya kuvunja ukuta. Msaji unafaa sana kwa kazi hii, hausumbuliwi na mchwa wala unyevu, na shamba la msaji la Longuza liko Muheza hapo jirani. Dari ya jipsamu usifunge kitu kabisa, labda kama unajua papi ya mbao iko wapi juu yake.

Kutu na unga mweupe

Raskazone, Sahare, Mwambani, kokote upepo unakotoka baharini moja kwa moja, chumvi inaingia na hewa. Skrubu nyeusi za jipsamu hapa ni waja leo, waondoka leo: katika msimu mmoja zinatiririsha kahawia juu ya ukuta mweupe. Chuma cha kawaida kikigusana na alumini mahali penye chumvi na unyevu, alumini inaliwa, na dalili yake ni unga mweupe kuzunguka tundu la skrubu. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na weka washa ya plastiki kati ya skrubu na alumini. Cheni chagua ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Zile zilizopakwa rangi ya fedha tu humenyuka na kuacha madoa kwenye nguo.

Mara moja kwa mwezi futa breketi, bomba na ufito kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba, kisha kikavu. Maji ya kisima yenye chumvi yanarudisha kile unachokiondoa.

Inapigapiga kwa upepo

Hakuna blaindi ya ndani iliyotengenezwa ipambane na kaskazi ya Januari kupitia dirisha lililo wazi. Ufito unapiga nondo usiku kucha, na kila pigo linalegeza breketi. Dirisha ambalo halifungwi siku nzima kwa sababu ndilo feni ya nyumba, liwekee pazia la nguo na uweke rola kwingine. Kama lazima iwe rola, funga nyaya nyembamba za kuongoza pande mbili, zinazopita kwenye ncha za ufito na kukazwa chini, au vishikizo vya kubana ufito kwenye kizingiti. La sivyo ikunje juu unapofungua dirisha.

Chumba bado kinachoma, au usiku watu wanaona ndani

Hii si kasoro ya ufungaji, ni nguo isiyolingana na dirisha. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta. Adhuhuri jua liko juu sana mwaka mzima, Juni likielekea kaskazini na Desemba kusini, na upenu wa paa unalimudu. Linaloingia ndani ni la mashariki, saa moja hadi saa nne asubuhi, na la magharibi, saa tisa hadi magharibi yenyewe. Madirisha hayo ndiyo ya kutumia fedha.

Blaindi ya ndani inalikuta jua likiwa limeshapita kwenye kioo, kwa hiyo inachoweza ni kulirudisha. Upande unaotazama kioo uwe mweupe, hata kama wa chumbani ni wa kahawia. Blakauti nyeusi pande zote, kwenye dirisha la magharibi, ni jiko la mkaa lililosimama wima. Kivuli cha nje, iwe upenu, mti au jamvi lililotundikwa barazani, kinafanya kazi kubwa kuliko nguo yoyote ya ndani.

Skrini, ile nguo yenye vitundu, huuzwa kwa asilimia ya uwazi: 3, 5 au 10. Ya asilimia 5 ya rangi nzito inakuwezesha kuona barabara mchana huku wa nje hakuoni. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, na kwa nyumba za Ngamiani zilizopakana na barabara, wapita njia wataona hadi unachokula. Zebra iliyofungwa vizuri inasitiri zaidi lakini bado ina upenyo kwenye kingo za mistari. Anayetaka vyote viwili afunge rola mbili kwenye breketi moja, skrini mbele ya kioo na blakauti ndani, na awe na kina cha zaidi ya sentimita 10.

Zebra ambayo mistari haikutani vizuri: ishushe mpaka mwisho kabisa, kisha vuta cheni upande wa kupandisha kidogo kidogo uone mistari ikipishana. Ikifunga katikati na kuacha wazi chini, ufito wa ndani umepinda au nguo imeteleza. Na ikiwa inafunga vizuri kabla tu ya kizuizi cha cheni, sogeza kizuizi shanga mbili.

Vipande vya kulala na vya wima

Vipande vya kulala visipopinduka ukizungusha kijiti, fungua kifuniko cha reli ya juu: ama gia imekwisha meno, ama mhimili umechomoka kwenye gia na unarudishwa kwa mkono. Kamba isiyoachia, ivute kuelekea upande mmoja, ikigoma upande wa pili. Kufuli yake hushika upande mmoja na kuachia mwingine. Vya mbao halisi hupinda masika. Vya plastiki kama mbao havijali unyevu, ila kwenye jua la magharibi hulegea katikati kama vina urefu mkubwa.

Za wima, kipande kikichanika tundu la juu, kigeuze chini juu kama kina mshono sawa, au bandika kipande cha plastiki ngumu na kukitoboa upya. Kikokoteni, kile kigari kinachobeba kipande relini, kikikwama, futa reli kwa kitambaa kikavu kwanza. Aghalabu ni vumbi.

Madoa meusi baada ya masika

Vidoa vidogo kama pilipili manga, vikianzia sehemu ya chini ya nguo na upande wa nyuma, ni ukungu. Nguo ilikunjwa ikiwa mbichi. Tafuta maji yalikotoka kabla ya kusugua: kwenye madirisha ya alumini ya kusukuma, reli ya chini ina vitundu vya kutolea maji nje, na vingi vimezibwa na mchanga, rangi au silikoni ya fundi. Vizibue kwa waya na umimine kikombe cha maji kwenye reli. Yakitoka nje mara moja, dirisha ni zima. Yakisimama, mvua ijayo yatamwagikia ndani.

Nguo ishushe yote. Futa kwa sifongo laini, maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, kutoka juu kwenda chini, bila kukwangua. Madoa yaliyobaki yaguse kwa siki nyeupe, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, ukijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Dawa ya klorini inachubua rangi na kula ule utando wa nyuma wa blakauti. Utando ukishaanza kunata, nguo ikikunjwa inashikana na kubanduka vipande vipande. Iache imeshuka, dirisha wazi kidogo, siku nzima au mbili mpaka upande wa nyuma uwe mkavu mkononi, ndipo uivute juu.